Aliyeitika Kule Riyam

Mpangaji mpya ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa adabu zote.

"Maman Vere," alisema Laetitia, akiwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya kufulia, "ule mzee wako nilimusalimia ku cuisine, hakunijibu. Niko nimemukosea kitu?"

Verediana alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu ya asubuhi ya kiwanda cha kushona sare kule Mobeni, Durban, hata viatu hajavua. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Jua lilikuwa limejaa sebule yote, kutoka nje zikasikika kelele za wanafunzi wakishuka mtaa wa Glenwood kurudi vyumbani mwao.

"Jikoni? Mzee gani?"

"Papa wa hapa. Yule murefu. Alisimama ku dirisha, ananipa mugongo, anaimba polepole. Nikasema bonjour papa. Akanyamaza tu."

Laetitia alikuwa amehamia siku nne zilizopita. Alikuwa dada mtulivu wa Bukavu, mwenye miaka karibu thelathini, fundi katika duka la simu. Hakuna aliyemwambia habari za nyumba ile, wala ukutani hapakuwa na picha ya kumwambia. Deusdedit, mume wa Verediana, alikuwa na mwezi wa kumi na nne tangu afariki.

Mtu mwingine angepiga kelele. Verediana aliweka mkoba wake juu ya kiti, akainama kufungua kamba za viatu ili uso wake usionekane.

"Usijali," alisema. "Siku hizi hasikii vizuri."

Deusdedit alikuwa mtu wa Rombo, fundi umeme. Kabla ya kuja Durban alifanya kazi Maskati miaka mitatu, na Maskati haikumtoka kamwe. Wenzake siku za Ijumaa walilala au walikwenda kuzunguka sokoni Matrah. Yeye alivaa viatu akapotea. Alivijua vichochoro vya Sidab, ambako mbuzi hulala kwenye vivuli vya magari na watoto hucheza mpira kati ya mlima na maji. Aliijua ghuba moja ndogo karibu na Qantab yenye makaburi ya mabaharia wa kigeni juu ya mchanga, mahali ambapo hufiki ila kwa boti. Na aliijua njia ya mawe inayopanda kutoka Riyam, ikapita katikati ya milima mikavu, na kushukia Matrah. Katikati ya njia hiyo kulikuwa na magofu ya kijiji: kuta za mawe zisizo na paa, mfereji uliokauka, na kidimbwi cha maji ya kijani.

"Pale nilikuwa nakaa saa nzima nasikiliza kimya," alikuwa akimwambia mkewe. "Nitakupeleka, Veredi. Si kule wanakopelekwa watalii. Nitakupeleka kwangu."

Alilisema hilo miaka kumi na miwili. Kisha figo zikamshinda.

Kaka yake alikuja kuchukua mwili na kuupeleka Rombo. Kibali cha kuishi cha Verediana kilikuwa bado ofisini kikisubiri kufanywa upya. Angevuka mpaka asingerudi, na Sia, binti yao, alikuwa katikati ya mitihani. Basi alimuaga mumewe kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, mkono juu ya sanduku lililofungwa kamba za plastiki. Hakumwona akiingia ardhini. Na tangu siku ile alijifunza kuzunguka neno moja. Alisema "hayupo". Alisema "tulimsindikiza". Neno lenyewe halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Kibali kilipotoka hatimaye, mama mkwe alipiga simu kutoka Rombo. "Sasa njoo, mwanangu. Njoo uone alipolala."

"Ndiyo, mama," alisema Verediana. Akamwacha Sia kwa rafiki yake wa kanisani, akakata tiketi ya Maskati.

Dereva aliyempata huko aliitwa Khalfan, mzee aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake bado kilikuwa cha kule kule.

"Watu hunitaka niwapeleke msikiti mkubwa na sokoni," alimwambia. "Wewe wataka vichochoro na makaburi. Kuna nini huko, bibi?"

"Mume wangu alipapenda."

"Naye yuko wapi?"

"Hayupo hapa," alisema Verediana, na Khalfan akadhani amebaki Durban.

Siku ya kwanza walikwenda Sidab. Verediana alitembea peke yake kwenye vichochoro vile, akaona mbuzi, akaona vivuli, na mwanamke mmoja akamfungulia mlango na kumpa kahawa na tende bila kumuuliza ni nani. Siku ya pili walikodi boti Qantab. Aliketi kati ya makaburi ya mabaharia, mengine hayana hata maandishi, akamsimulia Deusdedit kwa sauti ya chini kila alichokiona, kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko miezi yote iliyopita.

Siku ya tatu ilikuwa ya Riyam. Magoti ya Khalfan hayakuweza kupanda. Alisimamisha gari chini ya mlima, akashuka kumfungulia mlango.

"Shuka kabla ya adhuhuri. Jua likikaa utosini usiwe pale. Na ukisikia waitwa, usiitike."

"Nani ataniita? Sijulikani hapa."

"Hata kama sauti waijua, bibi. Khasa kama waijua."

Alicheka kwa heshima. Lakini usiku wa kuamkia siku ile hakuwa amelala vizuri, alianza safari akiwa amechelewa, na ile njia ilikuwa ndefu kuliko Deusdedit alivyosimulia. Alipofika kwenye magofu, jua lilikuwa limesimama wima. Kuta hazikuwa na kivuli, yeye mwenyewe hakuwa na kivuli. Hakukuwa na ndege. Kidimbwi kilikuwa kimetulia kama kioo, na kimya kile ambacho mumewe alikipenda kilikuwepo kweli, kizito, kinabana masikio.

"Veredi."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa kama mtu aliye chumba cha pili anayetaka kuuliza chumvi imewekwa wapi. Ilitoka nyuma ya ukuta wa mwisho, na ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, na ule mvuto wake kwenye silabi ya mwisho; hakuna mwingine duniani aliyelitamka jina lake hivyo.

Alilikumbuka onyo la Khalfan. Hilo lisemwe, maana yeye mwenyewe baadaye hakulificha. Alilikumbuka neno kwa neno, na bado akaitika.

"Abee."

Maji ya kidimbwi yakatikisika pasipo upepo. Harufu ikampita usoni, ya bahari iliyokaa muda mrefu mahali pasipo jua, na ya ubani. Aliposhuka mlima mgongo ulimlemea, kama aliyebeba mtoto aliyelala. Khalfan alimtazama mara moja kwenye kioo cha gari, na njia nzima hadi hotelini alisoma dua kwa midomo bila kutoa sauti.

Aliporudi Durban, ile sauti ilianza wiki ya kwanza. Ilikuja saa saba mchana, kila siku, jikoni. Maneno yalikuwa machache na yote aliyajua. "Chai iko wapi?" "Funga dirisha, mvua inakuja." Kisha ukaja mgongo: mrefu, mabega yameinama kidogo, umesimama dirishani. Verediana hakuzunguka kuuona uso. Alikaa mezani, naye akaupa mgongo wake, wakawa hivyo nusu saa, yeye akimenya viazi na kile kilicho nyuma yake kikiimba polepole. Jikoni palinuka ubani ingawa hakuna aliyewahi kuufukiza ndani ya nyumba ile ya Wakatoliki. Ukutani chini ya dirisha pakaanza kuota unyevu wenye kingo nyeupe. Aliuonja kwa ncha ya kidole, ukawa chumvi.

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba alikuwa na furaha. Aliwahi taxi ya mapema kutoka Mobeni kama msichana anayewahi miadi. Ndiyo maana Laetitia alipouliza, alimdanganya bila kusita.

Lakini wiki ya nne sauti ikaanza kusema yasiyokuwa ya Deusdedit.

"Mtoto yuko wapi?"

Verediana aliacha kumenya. Deusdedit hakuwahi kumwita Sia "mtoto". Alimwita Meku, mzee, kwa Kichaga chao, kwa sababu alipozaliwa alikunja uso kama mzee.

"Yuko shule," alinong'ona.

"Mtoto yuko wapi?"

Sia alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika furaha yake Verediana alikuwa hajaona kwamba binti yake anakonda, kwamba midomo yake imepasuka, kwamba mezani anatia chumvi kwenye maji ya kunywa na kuyakoroga kwa kidole. Siku za mwisho wa juma, alipokuwa nyumbani, Sia alijifungia chumbani saa ile ile ya saa saba. Na Jumamosi moja Verediana, akipita na nguo zilizokauka mikononi, alimsikia akicheka ndani, kicheko cha mtu anayetekenywa, kisha kikakatika, kisha ukaja ule wimbo wa polepole, na yeye akasukuma mlango kidogo tu, upana wa jicho, akamwona binti yake ameketi sakafuni amegusisha paji la uso kwenye ukuta uliolowa, nywele zake zimelowa, sakafu imelowa, akimsikiliza mtu ambaye hakuonekana na kuitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekubaliana naye mipango ya safari.

"Sia. Unaongea na nani?"

Mtoto hakugeuka. "Baba anasema kuna mahali atanipeleka. Si kule wanakopelekwa watalii."

Alhamisi iliyofuata simu ya Verediana iliita akiwa kwenye cherehani. Sia alikuwa ametoka shuleni wakati wa mapumziko bila mtu kumwona, akateremka kwa miguu hadi ufukweni, akavua viatu akavipanga vizuri, na kuingia baharini na sare yake. Waokoaji walimtoa maji yakiwa shingoni. Walisema hakuwa akiogelea wala kupiga kelele. Alikuwa anatembea.

Alipomfikisha nyumbani na kumfunika blanketi, Laetitia alikuwa anamsubiri kwenye korido. Alikuwa ameshika rozari.

"Maman, nisamehe," alinong'ona. "Ile si mutu. Leo niliingia kwa mulango wa nyuma, nikaona mugongo. Nikaogopa, nikatoka. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mulango wa mbele, niko nasema sasa nitamuona uso."

"Ukauona?"

"Hapana. Nikaona mugongo. Upande ule pia iko mugongo."

Verediana aliteleza ukutani hadi chini. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, akiziba mdomo kwa kiganja ili jikoni kusisikike.

Laetitia ndiye aliyemjua Bi Zuwena, mama wa Kipemba aliyekuwa akiishi Overport na kutengeneza sambusa za kuuza madukani, na aliyejua kuwasomea wenye majini. Aliwahi kumtengenezea simu. "Si mambo ya kanisa letu," alisema, "lakini padri wangu kama angemuona huyu wa ku cuisine, angekimbia mbele yangu."

Bi Zuwena alikuja Ijumaa saa sita. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, unga bado umemganda kwenye kucha. Aliingia jikoni, akanusa, akagusa ukuta, akarudi sebuleni alikokuwa Sia amelala kwenye kochi macho wazi.

"Uliitwa ukaitika," alimwambia Verediana. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Hao wa magofu hawana sauti zao. Huazima. Alikukuta umemchukua marehemu mdomoni, hujamtua popote, akamvaa. Mimi nitasoma. Lakini kisomo changu kitamzuia mlangoni tu, hakitamtoa. Wewe ndiwe uliyemwambia abee, na wewe ndiwe wa kumweleza huyo ni wapi alipo marehemu mwenyewe."

"Nimwambie nini?"

"Wajua."

Verediana aliangalia mikono yake.

"Na jengine," alisema Bi Zuwena, sasa kwa upole. "Akitoka, hatoiacha ile sauti. Atakwenda nayo. Utakuwa kama hukupata kuisikia. Sikufichi."

"Nitaisahau kabisa?"

"Kabisa."

"Na nisipotaka?"

Bi Zuwena alimtazama Sia, ambaye mate yaliyokauka pembeni mwa mdomo wake yalikuwa yameacha mstari mweupe wa chumvi. Alitandika mkeka, akafungua msahafu, akaanza.

Saa saba ilipofika mabomba ya jikoni yalifunguka yenyewe. Harufu ya bahari iliyooza ikajaa nyumba, na katikati ya sauti ya maji ikaja ile nyingine.

"Veredi. Chai iko wapi?"

Alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Laetitia alikuwa nyuma ya kochi akisali kwa Kifaransa, haraka haraka.

"Mtoto yuko wapi? Meku yuko wapi?"

Jina lile alikuwa amelipata kichwani mwa Sia. Sia akaketi. Akashusha miguu, akasimama, akaanza kutembea kuelekea jikoni kwa hatua za taratibu, zile zile za baharini. Verediana alimrukia akamshika kiunoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, mifupa mitupu, akamburuta mama yake sakafuni kama gunia.

"Deusdedit amekufa!"

Maji yakakatika. Kukawa kimya. Kisha sauti ikaja karibu mno, sikioni mwake, na haikuwa na hasira. Ilikuwa dhaifu, imekauka, sauti ya wodini.

"Usiniache hapa peke yangu, Veredi. Kaa leo tu."

Hayo Deusdedit aliyasema kweli. Aliyasema jioni ya Jumapili, naye akambusu paji la uso akamwambia atarudi asubuhi, kwa sababu alikuwa amechoka, kwa sababu Sia alikuwa peke yake, kwa sababu alidhani asubuhi ipo. Na sasa, akiwa amelala kifudifudi kwenye zulia na mikono yake imekazwa kiunoni mwa binti yake, alielewa kwamba miezi yote hii hakuwa akilikimbia kaburi la Rombo bali kile kitanda, na kwamba kitu kilichokuwa kinamwomba kilijua hivyo, na kingeendelea kumwomba kwa maneno hayo hayo kila siku saa saba mpaka kimchukue mtoto na kisha kimchukue yeye, na yeye angekwenda kwa hiari yake.

"Mume wangu amekufa," alisema. Kila neno lilimtoka kama mwiba. "Alikufa Jumatatu alfajiri, kitanda cha dirishani, na mimi sikuwepo. Amezikwa kwao. Wewe sikujui. Sikukuitikia wewe. Toka."

Sauti ikapanda. Ililia "Veredi", ikalia tena, na kila ilipolia jina lilikuwa limepungukiwa na kitu: kwanza ule mvuto wa mwisho, kisha mkwaruzo, kisha silabi zenyewe, mpaka ikawa mlio tu, kama upepo kwenye bomba tupu. Dirisha la jikoni likapasuka kuelekea nje. Bi Zuwena aliendelea kusoma hadi mwisho wa sura, akafunga msahafu, akajifuta jasho kwa mtandio.

Sia alikuwa analia kama mtoto, kwa kamasi na kwikwi. Aliomba maji. Aliyanywa bila chumvi.

Jioni Verediana alitoka nje na simu yake. Alikuwa na jumbe za sauti za mumewe za miaka mitano. Alizifungua moja baada ya moja. Zote zilihesabu sekunde zake, na ndani yake kulikuwa na mvumo wa maji tu. Akajaribu kichwani. Aliyakumbuka maneno yote. Aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka barua.

Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Rombo na Sia.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, limesakafiwa vizuri. Mama mkwe alikuwa amelifagia asubuhi ile. Hakumlaumu Verediana kwa kuchelewa. Alimshika mkono, wakasimama pamoja, na Sia akaweka maua. Verediana alisema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Deusdedit, nimekuja," na alilisema bila kuzunguka.

Wengine waliporudi kunywa chai, bibi kizee alimvuta nyuma.

"Nikuulize kitu, mwanangu, usinicheke. Huyu alikuwa anaongeaje?"

Verediana aligeuka kumtazama.

"Nilikuwa namsikia kila siku," alisema mama mkwe. "Nikichuma kahawa, namsikia. Nikilala, namsikia. Halafu mwezi wa kumi, Ijumaa moja, saa nane mchana kweupe, napepeta maharage, ikakatika. Kama mtu amezima redio. Nimemzaa mimi, nimemsikia tangu kilio cha kwanza. Mama gani anasahau sauti ya mtoto wake?"

Saa nane ya Rombo ni saa saba ya Durban. Bi Zuwena alikuwa amesema hatoiacha ile sauti, na Verediana alidhani bei ni yake peke yake, akailipa.

Angeweza kusema ni uzee. Sia alikuwa anamtazama kutoka penye migomba.

"Kaa chini, mama," alisema. "Si wewe uliyeisahau."

Wakaketi pembeni ya kaburi, akamweleza yote: vichochoro, makaburi ya mchangani, magofu, mgongo jikoni, mtoto baharini. Mama mkwe alimsikiliza bila kumkatiza, mkono mmoja juu ya sementi. Alipomaliza, bibi kizee alitazama upande aliko Sia.

"Umemwokoa mjukuu wangu," alisema hatimaye. "Umefanya vyema."

Kisha uso wake ukakunjamana wote.

"Lakini ungenipigia simu, mwanangu. Siku ile, kabla hujamfukuza. Ungeiweka simu pale mezani, nami nikamsikia mara moja tu."